Mngurumo Una Umbo

Fundi wa amplifaya asiye na osiloskopu hutegemea sikio, na sikio si haba. Wapo mafundi wa redio ambao spika ikiunguruma tu hutamka palepale: kapasita. Mara nyingi wanapatia. Wasipopatia ndipo huanza ule mtindo ninaouchukia, bandua hiki, lehemu kile, mpaka saketi iliyoletwa na kasoro moja inarudi kwa mwenyewe ikiwa na tatu.

Uzuri wa osiloskopu, kifaa kinachochora umeme kama wimbi kwenye kioo, ni kwamba humfanya fundi atazame kabla ya kugusa. Umeme wetu, uwe wa Mombasa au wa Mwanza, hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, yaani kila mzunguko ni milisekunde 20. Wimbi likijirudia kila milisekunde 20 kwenye kioo, shuku nyaya: ethi mbili zimekutana pasipostahili, wavu wa nje wa kebo ya maikrofoni umekatika, au transfoma imekaa karibu mno na mahali sauti inapoingilia. Likijirudia kila milisekunde 10, tena likiwa na umbo la meno ya msumeno, ziache nyaya kwanza. Hapo diodi zinafanya kazi yake. Kapasita kubwa ya kuchuja ndiyo imekauka na haishiki tena chaji. Yule wa sikio angepatia hapa, lakini sasa ana ushahidi.

Swichi ninayoipenda kuliko zote ni ile inayoamuru mchoro uanze kwa kufuata mapigo ya umeme wa ukutani. Ukiiweka hapo, mngurumo utokao kwenye umeme huo husimama tuli kiooni. Kelele ya chanzo kingine, tuseme chaja ya simu iliyochomekwa jirani, huteleza na kukataa kutulia. Kwa muda mfupi tu umeshajua utafute upande gani, na pasi ya kulehemu bado ni baridi.

Ipo pia kelele isiyosikika kabisa. Amplifaya inaweza kukaa kimya bila muziki huku ikitetema kwa mamia ya kilohezi, transista zikichemka na mwenye mali akilalamika kwamba “inaungua bure”. Sikio la binadamu huishia karibu na kilohezi 20; hapo hata fundi mkongwe ni kiziwi.

Kifaa chenyewe nacho hakiaminiki hivi hivi. Waya mrefu wa ethi wa probu, ile fimbo ya kupimia, hudaka kelele za hewani kama kawaida ya waya wowote mrefu. Gusisha ncha ya probu na klipu yake yenyewe. Kelele ikibaki kiooni, usiisingizie amplifaya.

Mjerumani Karl Ferdinand Braun alibuni kioo cha namna hii mwaka 1897. Leo kwa kazi ya sauti huhitaji cha bei mbaya: cha mtumba chenye megahezi 20 kinatosha na kusaza.

Ila wewe unayeanza, sikia hili. Klipu ya probu kwa kawaida imeungwa na ethi ya nyumba. Usiibane kamwe kwenye pawasaplai upande wa umeme wa ukutani, kabla ya transfoma. Utalipua fyuzi na probu, na huenda ukajiumiza.