Ufundi wa Kusawazisha Dramu Zilizokwisha Kuchanganywa

Seti ya dramu inaporekodiwa studio, kila chombo huweza kuwekewa kipaza sauti chake: kiki, sneya, tomu, haihati na matoazi ya juu. Kila mlio huingia katika traki yake, na fundi mitambo hupandisha huu na kushusha ule apendavyo. Traki hizo zikishaunganishwa kuwa faili moja ya stirio, hiari hiyo hutoweka. Mrindimo wa kiki na mlio wa toazi huwa wimbi moja, na anayepandisha kimoja hupandisha vyote. Hata hivyo uwiano wa vyombo bado hurekebishika, na kazi hiyo ni ya kuheshimiwa sana, kwa sababu humtaka fundi ajue tabia ya kila chombo kabla hajagusa mtambo.

Msingi wake ni kutafuta mahali ambapo chombo kinachotakiwa kimejitenga na vingine. Kwanza hutafutwa katika masafa. Mrindimo wa kiki hukaa takriban kati ya hezi 50 na 100, ambako huchangia nafasi na tomu kubwa tu, basi ikwalaiza, yaani mtambo wa kupandisha au kushusha masafa fulani, huweza kuuongeza bila kugusa matoazi. Sneya ni ngumu zaidi. Uzito wake uko karibu na hezi 200, na mchakacho wa nyaya zake umo katika maelfu ya hezi, makao ya matoazi. Anayeongeza hezi 5,000 ili sneya isikike wazi huipandisha na haihati.

Masafa yakigongana, fundi hugeukia wakati. Sneya hulia kwa nguvu, kisha hufifia upesi, ilhali toazi huendelea kuvuma. Ikwalaiza inayofuata nguvu ya sauti huweza kutegwa ifanye kazi pigo linapotua tu, na kuacha katikati ya mapigo kama palivyokuwa. Njia nyingine ni kuikata rekodi pigo kwa pigo, kila kipande kikapewa kiwango chake. Watayarishaji wa muziki wa jungle nchini Uingereza, katika miaka ya 1990, waliufikisha mbali ufundi huu kwa kukatakata dramu za Gregory Coleman katika “Amen, Brother” ya The Winstons, iliyotoka mwaka 1969.

Kisha kuna upande. Katika stirio, kiki na sneya kwa kawaida hukaa katikati, na matoazi hutandazwa kushoto na kulia. Programu inayotenganisha katikati na pembeni humwezesha fundi kupunguza makali ya matoazi huku kiki ikibaki na uzito wake.

Chombo kilichofifia mno huongezewa nguvu kwa mlio mwingine wa aina yake, unaowekwa chini ya kila pigo. Lakini mawimbi mawili yakienda kinyume hufutana, na kiki iliyoongezwa husikika nyembamba kuliko ya awali. Kwa hiyo milio hulinganishwa kwanza hadi iende pamoja.

Siku hizi kompyuta zilizofunzwa kutambua ala hutenganisha kilichounganishwa. Albamu ya Revolver ya The Beatles ilirekodiwa mwaka 1966 katika studio za EMI za Abbey Road, London, kwa mitambo ya traki nne, hata ala kadhaa zikashiriki traki moja. Mwaka 2022 mtayarishaji Giles Martin aliichanganya upya kwa programu ya timu ya mwongozaji wa filamu Peter Jackson, iliyoweza hata kuitenga kiki na sneya ya mpiga dramu wao, Ringo Starr. Lakini utenganishaji huacha alama: matoazi huweza kuchujuka na mikia ya milio kukatika, na ni sikio linaloamua kipi kivumilike.

Katika njia zote hizi, kipimo ni kidogo. Desibeli moja au mbili mara nyingi hutosha, kwani kila badiliko hugusa na vingine. Rekodi mpya hulinganishwa na ya awali zikiwa na sauti sawa, maana kinachopaza sauti zaidi hudhaniwa ni bora. Tena mpiga dramu ndiye mchanganyaji wa kwanza: mikono na miguu yake ilishaamua kipi kitangulie na kipi kifuate. Fundi bora hukirudisha kile ambacho rekodi ilikificha, na marekebisho yanayovuruga mwendo wa mpigaji huyaondoa, hata kama kila chombo sasa kinasikika wazi zaidi.