Kulaza Mbuzi Shambani: Mkojo Ndio Mbolea Tunayoipoteza

Wachungaji wa Hispania wana kitenzi, amajadar. Maana yake si kufunga kondoo zizini tu, bali kuwalaza makusudi juu ya shamba ili walirutubishe wakiwa wamepumzika. Zizi la kazi hiyo, redil, ni la kuhama: nyavu na vigingi, au vipande vya uzio wa mbao nyepesi. Baada ya usiku mmoja au kadhaa hung'olewa na kusimikwa upande wa pili wa shamba, hadi eneo lote liwe limelaliwa. Mbwa wakubwa wa ulinzi, wenye kola za miiba, hukabiliana na mbwamwitu.

Kinachonivutia hapo ni mkojo. Karibu nusu ya naitrojeni anayoitoa mnyama hutoka kwa njia hiyo, na katika zizi la kudumu sehemu kubwa hupotea hewani kama amonia au huzama chini ya zizi lenyewe. Mwezi wa tisa tunapochota samadi kavu kupeleka shambani, tunabeba nusu ya mali. Majaribio ya Niger, kwenye mashamba ya uwele yenye mchanga mtupu, yalionyesha kwamba mahali mifugo ilipolala, mavuno yalizidi yale ya shamba lililomwagiwa samadi peke yake. Mkojo pia ulipunguza ukali wa tindikali ya udongo.

Wakara wa kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, nao wana mchanga na ardhi finyu, lakini wao walichagua njia ya kubeba. Ng'ombe alikaa ndani ya nyumba, kwenye shimo, akiletewa majani. Matandiko yakanyonya mkojo, kisha mchanganyiko wote ukabebwa hadi shambani. Kilichopotea ni kidogo, ila ni kazi nzito mno, na ilibebwa na watu waliokosa ardhi nyingine.

Sisi wa Chiungutwa, wilayani Masasi, na zaidi wenzetu wa uwanda wa juu wa Newala, tuliishi kwa njia ya tatu: kufyeka kichaka, kuchoma, kulima misimu michache, kisha kuliacha shamba lipumzike. Mbung'o walifanya ng'ombe wawe wachache, kwa hiyo majivu yalikuwa mbolea yetu. Leo mikorosho imekalia ardhi moja kwa moja na muda wa kupumzisha umefupika. Mchanga hauwezi kuvumilia hilo bila kulishwa.

Tupige hesabu basi. Mbuzi au kondoo mmoja hutosheleza takriban mita moja ya mraba kwa usiku. Kaya yenye mbuzi 10 ikiwalaza shambani usiku 90, baada ya mavuno na kabla ya mvua, inapata mita za mraba 900, yaani karibu robo eka. Ni kidogo, lakini robo eka ya mahindi yaliyoshiba si haba. Majirani watatu wakiunganisha makundi na kupokezana zamu ya ulinzi, kila mmoja anapata eneo lake na usiku wa kukesha unapungua. Fisi na wezi hawaliachi zizi la nyavu lisilo na mlinzi, na hapo ndipo gharama halisi ya njia hii ilipo.

Huko Sahel, mkulima asiye na mifugo hupatana na mfugaji wa Kifulani: alaze ng'ombe shambani, alipwe nafaka au apewe maji. Kwetu, tangu wafugaji walipoondolewa bonde la Ihefu, Mbeya, mwaka 2006 na 2007 na wengi kuelekezwa Lindi, mazungumzo yetu kuhusu mifugo yamekuwa ya mazao kuliwa. Mapatano ya aina hii, yakisimamiwa na serikali ya kijiji na yakihusu mabua ya shamba lililokwisha kuvunwa, yangestahili kujaribiwa.

Zizi likishahama, udongo ulimwe kidogo siku hiyohiyo ili amonia isipotee. Lisimikwe mbali na miche ya mikorosho, maana mbuzi ataimaliza. Msimu wa kwanza panda mahindi, tena mapema, kwa sababu kwenye mchanga mvua kubwa hushusha naitrojeni chini ya mizizi. Muhogo usubiri mwaka wa pili. Ukiupanda mara moja utapata majani mengi na mizizi michache.