Sauti ya Kuazima

Mjukuu wangu ana kigugumizi, nami, kwa mazoea mabaya ya ualimu, humalizia sentensi zake. Likizo iliyopita niliketi naye akicheza Fallout 4, mchezo wa kompyuta uliotoka Marekani mwaka 2015. Mzazi anamtafuta mwanawe aliyeibwa, na mzazi huyo kapewa sauti ya mwigizaji. Sauti nzuri, sikatai, uchungu unasikika. Lakini mchezaji huoneshwa vijineno tu, mara nyingi vinne, achague kimoja. Kisha mhusika hutamka sentensi nzima ambayo mchezaji hakuiona. Kijana alichagua neno alilodhani la utani, ikatoka kejeli.

"Si-sikusema hivyo," akanung'unika.

Akafungua Fallout: New Vegas, wa mwaka 2010. Humo mhusika mkuu hasikiki. Majibu yameandikwa kamili, tena mengi. Kijana aliyasoma kimya, polepole, akachagua lake. Kwangu huo ndio mchezo bora, ijapokuwa inachekesha kidogo kuona watu wakimjibu asiyesema. Hata Bethesda, waliounda Fallout 4, waliurudia ukimya huo katika Starfield mwaka 2023.

Nilitaka kumweleza hayo, lakini alikuwa ameanza kusema yeye. Nikangoja.