Ustaarabu wa Hesabu: Fani na Maudhui katika Mchezo wa Kompyuta "Civilization IV"

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuitazama kazi ya sanaa kwa pande mbili, fani na maudhui, kisha kuonyesha jinsi pande hizo zinavyotegemeana. Njia hiyo yaweza kutumiwa pia kuuhakiki mchezo wa kompyuta, kwa kuwa nao una watunzi, una mpangilio wa matukio, na una fikra unazozieneza. Mchezo unaochunguzwa hapa ni Civilization IV, uliotolewa mwaka 2005 chini ya mbunifu mkuu Soren Johnson. Ni toleo la nne la mchezo ulioanzishwa nchini Marekani na Sid Meier na Bruce Shelley mwaka 1991. Wanazuoni wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kuuangalia: wimbo unaomkaribisha mchezaji, "Baba Yetu", uliotungwa na Christopher Tin, ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukawa muziki wa kwanza uliotungiwa mchezo wa kompyuta kuipata tuzo hiyo.

Hoja ya makala haya ni kwamba raha ya mchezo huu na karaha yake zina chanzo kimoja, nacho ni imani kwamba historia ni hesabu ya kujumlisha.

Tuanze na fani. Mchezo huanza mwaka 4000 K.K. Mchezaji ana kundi moja la walowezi, na dunia yote iliyomzunguka imefunikwa na giza. Huenda kwa zamu: mchezaji huamua mambo yake yote, kisha wapinzani nao huamua yao, na miaka husonga mbele. Katika kila zamu kuna jambo lililo karibu kutimia. Ghala litakamilika zamu ijayo. Elimu ya kufua chuma itapatikana baada ya zamu tatu. Mpelelezi amefika ukingoni mwa bahari asiyoijua. Kwa kuwa mambo haya hayatimii kwa pamoja, hakuna mahali pa kupumzikia. Ni ufundi ule ule wa mtambaji wa hadithi anayefungua fundo moja huku amekwisha kufunga jingine. Hapana shaka kwamba taharuki hii ndiyo inayomkesha mchezaji, naye akijiambia kila mara kwamba atacheza zamu moja tu kisha akalale.

Lakini taharuki hiyo haidumu. Dola inapofikia miji ishirini, giza limeondoka, mipaka imejulikana, na mara nyingi mshindi naye amejulikana. Hata hivyo zamu hazipungui, bali kila moja huwa ndefu zaidi. Mchezaji hupita mji kwa mji akiamuru jengo hili na lile, akihamisha askari mmoja mmoja, kwa saa nyingi ambazo hazibadilishi chochote. Wahenga walisema ukubwa ni jaa; hapa mfalme amegeuka karani. Watunzi waliliona tatizo hili, wakaweka gharama za utawala zinazopanda kadiri miji inavyoongezeka na kuwa mbali na makao makuu. Dawa hiyo humchelewesha mchezaji, wala haimponyi.

Kasoro hii yaonekana wazi zaidi mchezo huu ukilinganishwa na bao la Kiswahili, ambalo nalo huchezwa kwa zamu. Bao lina kete 64, na haziongezeki. Kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, na zinapokwisha wakati wa namua, mtaji huchezwa kwa kete zile zile zilizomo mashimoni. Anachopata mmoja amekipoteza mwenzake, na mtaji mmoja waweza kumpindua aliyedhaniwa ameshinda. Kwa hiyo taharuki ya bao haififii mpaka mwisho. Katika Civilization, kinyume chake, mali huzaa mali, na aliyetangulia huzidi kutangulia.

Maudhui nayo yafuata mkondo huo huo. Elimu za binadamu zimepangwa kama mti wenye matawi yaliyokwisha kuamuliwa, na mataifa yote huupanda mti huo mmoja. Fasihi haipatikani kabla ya elimu ya kuandika. Kwa mujibu wa mpango huu, taifa lenye fasihi simulizi peke yake halina fasihi. Hata utendi wa shujaa ni jengo linalojengwa mjini baada ya elimu ya fasihi kupatikana, na kazi yake ni kuharakisha utengenezaji wa majeshi. Utamaduni hupimwa kwa alama: mchezaji hushinda miji yake mitatu ikifikisha alama 50,000 kila mmoja, katika mchezo wa mwendo wa kawaida. Mfumo wa utumwa humruhusu mchezaji kuwatoa kafara baadhi ya wakazi ili jengo likamilike upesi. Manung'uniko huisha baada ya zamu kadhaa, na watu huzaliwa wengine. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, jambo hili si tarakimu tu.

Yaweza kujibiwa kwamba huu ni mchezo, si kitabu cha historia. Jibu hilo lina uzito, kwani kila mchezo hulazimika kurahisisha mambo. Lakini namna ya kurahisisha ndiyo inayofichua fikra. Waswahili hawamo katika orodha ya mataifa ambayo mchezaji aweza kuyaongoza katika toleo hili, hata baada ya nyongeza za 2006 na 2007. Katika toleo la sita, la 2016, Zanzibar imo kama mji mdogo wa kibiashara ambao faida yake ni kumpatia mkubwa wake mdalasini na karafuu. Sauti ya Kiswahili imepewa mlango, bali historia ya miji yake haikupewa chumba. Miji kama Kilwa, Lamu na Mombasa ilipata sifa kwa biashara, elimu na utungo, pasipo kutawala bara kubwa. Mti wa mchezo hauna tawi la ukuu wa namna hiyo.

Isisahauliwe kwamba neno "ustaarabu" lenyewe, ambalo ndilo tafsiri ya jina la mchezo, lilianza kwa maana ya kufuata mienendo ya Waarabu, na kwamba "uungwana" wa miji ya pwani ulimweka mtumwa nje. Lugha zetu nazo zimepanga watu kwa madaraja. Tofauti ni kwamba utungo wa Kiswahili umewahi kuyahoji madaraja hayo. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, huyatazama majumba ya Pate yaliyobaki magofu, na hupata maana katika anguko lile. Katika Civilization anguko halina maana yoyote; mchezaji anayeshindwa hufuta dola yake na kuanza upya mwaka 4000 K.K. Mchezo unaojua kujumlisha tu huwa hauna la kusema hesabu inapokwisha, na ndiyo sababu saa zake za mwisho huchosha.