Lucy Hakuombwa Radhi

Nianze kwa kukiri kosa. Filamu ya Clueless niliidharau kabla sijaiona. Niliona picha yake tu, mabinti watatu waliopiga pamba za nguvu, nikajisemea hii ni ya watoto wa geti kali, mimi inanihusu nini? Mtu aliyemaliza kidato cha nne na kuficha mswada wa riwaya chini ya godoro huwa na majivuno ya aina hiyo. Binamu yangu ndiye aliyenikalisha chini tukaitazama. Ilipokwisha nikamwomba airudishe mwanzo.

Kwa ambaye hajaiona: ilitoka mwaka 1995, imeandikwa na kuongozwa na Amy Heckerling, mama wa Kimarekani. Mambo yanatokea Beverly Hills, wanakokaa wenye nazo. Cher Horowitz (Alicia Silverstone) ni binti wa sekondari, baba yake wakili mkali, mama alishafariki. Ana kompyuta inayomwonyesha sketi ipi iende na koti lipi. Shosti wake wa damu ni Dionne (Stacey Dash). Cher anatuambia kwamba wote wawili walipewa majina ya waimbaji wakubwa wa zamani, ambao sasa kazi yao ni kunadi bidhaa kwenye televisheni. Hapo nilicheka, na nikaanza kumheshimu mwandishi.

Nguo zake zimesemwa sana, na ni haki yake. Mona May, aliyezibuni, alifanya kazi wakati vijana wa Marekani wakijitupia mashati mapana na suruali za kuning'inia. Yeye akawavika mabinti suti za miraba, soksi zinazopita magoti na vikofia. Ile suti ya manjano inaigwa mpaka leo. Lakini ukiishia kwenye suti umeondoka na ganda, tunda umeliacha.

Maana humo ndani nguo ni madaraka. Anakuja mwanafunzi mgeni, Tai (marehemu Brittany Murphy), mshamba kidogo, nguo zimempwaya. Cher anamwonea huruma, au anasema ni huruma. Anambadilisha nywele, nguo, maneno, hata namna ya kutembea. Mpaka hapo tunacheka. Kisha anambadilishia na mpenzi. Tai tangu siku ya kwanza ameelewana na Travis, kijana wa ubao wa magurudumu anayechelewa shule kila siku. Walizungumza dakika mbili tu, lakini ziangalie vizuri: hizo ndizo dakika pekee Tai anazokuwa yeye mwenyewe. Cher anakataza. Travis si hadhi yao. Anamsukumia Elton, mtoto wa kishua. Kumbe Elton anamtaka Cher mwenyewe, na wakiwa garini usiku anashangaa kabisa kufikiriwa na Tai, eti hamjui baba yake ni nani? Yaani kipimo kile kile alichokitumia Cher kwa Travis, Elton anakitumia kwa Tai. Hakuna anayetuhubiria. Tunakiona wenyewe.

Kisa hiki, kwa taarifa yako, si cha Beverly Hills. Heckerling amekitoa kwenye riwaya ya Jane Austen, Emma, iliyotoka Uingereza mwishoni mwa 1815. Tai ni Harriet Smith, na Josh, yule kijana mwenye vitabu ambaye Cher atampenda mwishoni, ni Bwana Knightley. Hilo lilinipa moyo sana. Sisi vijana tunadhani kuandika upya kitabu cha zamani ni wizi. Heckerling alikwenda kukaa madarasani kwenye sekondari ya Beverly Hills, akasikiliza watoto wanavyobwata, ndipo akarudi mezani kuandika. Mifupa ni ya Austen, nyama ni ya mtaani.

Sasa niseme kinachoniuma.

Kwenye riwaya kuna mama mmoja, Miss Bates, maskini, mropokaji, hana wa kumtetea. Emma anamtolea kejeli mbele za watu huko Box Hill. Knightley anamkemea, Emma analia njia nzima, na kesho yake asubuhi anakwenda kwa mama yule kumwona. Mimi naona riwaya nzima imebebwa na matembezi hayo ya asubuhi.

Kwenye filamu jeraha limegawanywa mara mbili. Kwanza Tai, akishapata umaarufu, anamgeuzia Cher kibao na kumrushia neno la aibu, siku ile ile Cher aliyofeli mtihani wa udereva. Mdoli amemuuma aliyemvisha. Safi sana. Cher anazunguka mitaani na huzuni yake, na katikati ya huzuni anasimama kujiuliza kama gauni la dukani lina saizi yake. Mimi nimewahi kufanya hivyo hivyo, nikitoka msibani.

Jeraha la pili ni la Lucy, mfanyakazi wa nyumbani kwao. Cher anamwambia azungumze na mtunza bustani, kwa kuwa yeye Cher hajui "Kimeksiko". Lucy anang'aka kwamba yeye si Mmeksiko, anaondoka. Josh anaeleza kuwa anatoka El Salvador, nchi nyingine kabisa. Cher anaona aibu. Halafu? Anakusanya misaada ya waliopatwa na maafa, anatoa hata vifaa vyake vya kutelezea kwenye theluji, nasi tunaambiwa amebadilika. Lakini asubuhi ya Miss Bates haipo. Hatuonyeshwi Cher akienda jikoni.

Usidhani nasema haya kwa kiburi. Baada ya filamu nilichomoa mswada wangu. Una kurasa 140. Ndani yake kuna msichana wa kazi anayefungua mlango mara kumi na moja, nimehesabu, na hana jina. Rafiki wa mhusika mkuu naye kazi yake ni kukaa kitandani na kusikiliza siri. Kila mmoja nimemvalisha vizuri, nimeeleza mpaka rangi ya kanga. Nimeandika kama Cher anavyopenda watu. Nimerudi ukurasa wa tatu kuanza upya, na kwa kweli inatisha, maana msichana yule akianza kusema, hadithi niliyoipanga haitasimama.

Kasoro nyingine: Cher akigundua anampenda Josh, chemchemi inamwakia taa nyuma yake. Yeye na Tai wakipatana, wanaombana radhi harakaharaka kwenye mashindano ya Travis, basi. Lipi lilikuwa gumu zaidi kati ya hayo mawili? Na Dionne, aliyekuwa sawa na Cher tangu mwanzo, Tai anapofika anabaki msindikizaji mwenye bwana wa kugombana naye. Binamu yangu anakataa. Anasema Dionne ndiye pekee asiyehitaji kutengenezwa, ndiyo maana ameachwa atulie. Tumebishana wiki nzima. Anayeunga mkono upande wowote aandike, ukurasa huu upo.