Kurudisha Gari la Mkataba: Istilahi Zinazomtoza Msomaji

Tumeletewa tafsiri ya mwongozo uliokusudiwa wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani. Mwongozo huo unamweleza mtu aliyechukua gari kwa mkataba wa miaka 3 jinsi ya kulirudisha kwa mwenyewe muda unapokwisha. Tumeona vema kuichambua hapa, kwa sababu jambo lenyewe si la ugenini tu. Tanzania ilitunga sheria ya mikataba ya namna hii mwaka 2008, na Serikali ya Kenya ilianza mwaka 2013 kuwapatia polisi wake magari ya kukodi kwa muda mrefu badala ya kuyanunua. Aidha, tangu Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria mwaka 2021, mfasiri wa mikataba hana tena pa kujificha.

Kwanza tutoe sifa inapostahili. Mfasiri hakutunga neno jipya la umbali, bali ameandika kwamba gari "limetembea" maili kadhaa. Ndivyo wanenavyo madereva wetu wote, na hatuoni sababu ya kuwasahihisha. Vilevile tairi iliyokwisha meno ameiita "tairi kipara", nasi twamuunga mkono.

Kasoro zinaanza katika majina ya wahusika. Mwenye gari ameitwa "mkodishaji" na mchukuaji "mkodishwaji". Maneno hayo yanatofautiana kwa silabi moja tu, na jicho la msomaji aliyechoka huirukia kwa urahisi. Isitoshe, katika mazungumzo ya kila siku wapo wasemao "nimekodisha gari" kwa maana ya kulichukua, na wapo wasemao hivyo hivyo kwa maana ya kulitoa. Twapendekeza "mwenye gari" na "mkodi". Mkataba ni hati ya kugawa wajibu, na hapana budi wagawiwa watambulikane mara moja.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni neno "uchakavu". Tafsiri inasema: "Mkodi atalipia uchakavu wa gari." Wahasibu wetu wamezoea kuliita uchakavu lile punguzo la thamani ambalo mali hupata mwaka hadi mwaka. Fundi naye huita uchakavu kulika kwa breki na kupauka kwa viti. Katika mkataba huu mambo hayo mawili yanalipiwa kwa njia mbili tofauti. Kushuka kwa thamani kumekwisha kuhesabiwa ndani ya malipo ya kila mwezi: bei ya gari hutolewa thamani inayokisiwa kubaki mwishoni, na tofauti hiyo hugawanywa kwa miezi ya mkataba, pamoja na gharama za ukodi. Kulika kwa kawaida nako hakudaiwi. Kinachodaiwa wakati wa kurudisha ni kile kilichopita kiasi, mathalani kioo kilichopasuka, bati lililobonyea au tairi kipara. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976, inayohusu mikataba ya watu binafsi inayozidi miezi 4, inamtaka mwenye gari aeleze vipimo vyake vya matumizi ya kawaida, na vipimo hivyo viwe vya haki. Tafsiri iliyoliacha neno "uliozidi" imemnyima msomaji kinga aliyopewa na sheria. Tunashauri "kushuka kwa thamani" kwa jambo la kwanza, "uchakavu wa kawaida" kwa la pili, na "uchakavu uliozidi" kwa la tatu.

Tatu, mfasiri ametaja aina mbili za mikataba, "uliofungwa" na "ulio wazi". Hapa ameyafuata maneno ya lugha ya asili bila kusikiliza Kiswahili kinasema nini. Kwetu kufunga mkataba ni kuafikiana na kutia sahihi; kwa hiyo kila mkataba halali umefungwa. Na mkataba ulio wazi yamkini utadhaniwa ni ule usio na siri. Tofauti yenyewe ni hii: gari likiuzwa mwishoni kwa bei iliyo chini ya makisio, ni nani anayebeba pengo? Katika aina ya kwanza ni mwenye gari. Katika ya pili ni mkodi. Basi na isemwe hivyo: "mkataba wa hasara kwa mwenye gari" na "mkataba wa hasara kwa mkodi". Maneno ni marefu, lakini hakuna atakayetia sahihi bila kujua.

Nne, tendo la kurudisha limeitwa "marejesho". Neno hili limekwisha kushikwa na vikundi vya mikopo, ambako marejesho ni fedha za kulipia deni. Msomaji aonaye "tarehe ya marejesho" ataleta fedha na kuliacha gari nyumbani. Watumishi wa Serikali wanalo neno bora walilolizoea siku nyingi: "makabidhiano". Nalo lina faida ya kudai hati yenye sahihi za pande mbili, inayoonyesha hali ya gari na maili lilizotembea. Hati hiyo ndiyo ngao ya mkodi madai yakizuka baadaye.

Mwisho, tafsiri imeandika "ukomo wa maili 12,000" bila kuongeza "kwa mwaka". Tuchukue mfano. Mkataba wa miaka 3 wa maili 12,000 kwa mwaka unaruhusu maili 36,000. Gari likirudishwa limetembea 39,000, na kila maili iliyozidi ikitozwa senti 20, mkodi anadaiwa dola 600. Lakini aliyesoma kwamba haki yake ni maili 12,000 kwa muda wote huenda aliliegesha gari nusu ya muda huo, huku akililipia kila mwezi.

Hatukuandika haya kwa nia ya kumfedhehesha mfasiri, ambaye kazi yake ni ngumu na aghalabu huifanya peke yake. Twataka kusisitiza kwamba istilahi ya mkataba haipimwi kwa kufanana na neno la lugha ya asili. Hupimwa kwa swali moja: msomaji akiisoma, atajua nani analipa, analipa nini, na lini? Wasomaji wenye mapendekezo bora kuliko haya, hasa walimu wa biashara na maofisa wanaosimamia magari ya Serikali, wanaombwa watuandikie.