Mchumia Juani: Utubora na Manamba wa Mkonge

Hapana mwanafunzi asiyeijua methali isemayo, "Mchumia juani hulia kivulini." Walimu huitumia kuhimiza juhudi, na maana yake ni njema: atokwaye na jasho anastahili kula kwa raha. Wazo hili linakubaliana na lile la Shaaban Robert katika Utubora Mkulima, riwaya iliyochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kufa kwake. Utubora anaacha kazi ya mshahara Unguja, anakwenda Busutamu kushika jembe, na katika jembe anapata utulivu na heshima.

Fundisho hili ni la kuheshimiwa. Lakini msomaji aliye Mpale, au popote katika Korogwe na Handeni, ana haki ya kuuliza: shamba ni la nani?

Maana katika sehemu hizi juhudi peke yake haikumtajirisha mtu. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na reli ya Tanga ikafika Mombo mwaka 1905. Mashamba makubwa yakaenea mabondeni. Wakataji walitolewa mbali, wakaitwa manamba kwa kuwa walitambuliwa kwa namba. Kila mmoja alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Asiyetimiza kazi aliyopimiwa hakuandikiwa siku yake. Manamba hakuwa mvivu. Alikuwa maskini kwa sababu ardhi, mitambo na singa alizozitoa jasho vilikuwa mali ya wengine. Na umaskini huo ulifika hata kwao alikotoka, ambako shamba la wazazi lilikosa mikono ya vijana.

Hapa ndipo upungufu wa riwaya unapoonekana. Utubora aliliendea jembe kwa hiari. Manamba alisukumwa na kodi. Mwandishi anatuonyesha vizuri tabia ya mtu mwema, lakini hatuonyeshi vya kutosha mpango unaomfanya mwema mmoja ashibe na mwema mwenziwe alale na njaa.

Azimio la Arusha la 1967 lilijaribu kuujibu mpango huo, na mwaka huo huo mashamba mengi ya mkonge yakawa mali ya umma. Hata hivyo bei ya mkonge ilikwisha anza kuporomoka, kwa kuwa kamba za viwandani ziliuingilia soko lake. Katika miaka ya 1990 mashamba yakauzwa tena kwa watu binafsi. Kumbe kumbadili mwenye shamba hakutoshi, ikiwa bei hupangwa ng'ambo.

Basi mwalimu aifundishapo methali yetu, awakumbushe wanafunzi kwamba neno "hulia" lina maana mbili. Manamba alichumia juani. Aliyekula kivulini alikuwa mwingine. Yeye alilia machozi. Jamii yenye haki ni ile ambayo neno hilo hubakiwa na maana moja tu.